Wimbo usio na jina haumo maktabani

MAMA yangu alitutembelea mwezi jana kutoka Wundanyi. Jioni ya pili, baada ya chajio, aliniomba jambo nililoliona dogo kabisa: nimchezee ‘ule wimbo wa Kifoto’. Huhitaji kuwa Mtaita kuujua. Ni Charonyi ni Wasi wa Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi wetu, uliotungwa na marehemu Habel Kifoto na kuimbwa kwa Kitaita. Nilikuwa na hakika kwamba ninao. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipakua nyimbo za zamani, nyingine nilizozinunua mtandaoni, nyingine ambazo wenyewe wameruhusu zipakuliwe, kwa ajili ya siku kama hiyo.

Nikafungua programu ya muziki katika kipakatalishi changu na kuandika ‘Kifoto’. Hakuna. Nikaandika ‘Maroon’. Hakuna. ‘Charonyi’ je? Hakuna. Nikaiacha programu na kufungua folda ambamo vitu vyote ninavyovipakua huangukia. Humo nikakuta faili zaidi ya mia mbili, nyingi zikiitwa ‘Track 01’, ‘Track 02’, na nyingine zikiwa na msururu wa tarakimu tu. Mama alingoja, akapiga miayo, akaniambia tutausikiliza siku nyingine. Akaenda kulala.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa akinitazama kwa huruma. “Mjomba, wewe umezipakua tu. Hujaziweka kwenye maktaba.”

“Kwani si kitu kimoja hicho?”

“Wapi! Hata kidogo.”

Haikunipendeza kwamba mtu anayelipwa kufundisha Kiswahili alifunzwa na mtoto tofauti ya vitenzi viwili. Lakini alikuwa na haki. Nilipokaa kulifikiria jambo lile nikaona kuwa tatizo langu halikuwa la mitambo. Lilikuwa la lugha, tangu kitenzi cha kwanza hadi jina la mwisho.

Jikoni na bandarini

Tuanze na pakua. Wengi wetu tulilikuta neno hili jikoni kabla halijaingia mtandaoni. Mpishi hupakua wali kutoka sufuriani. Bandarini, makuli hupakua shehena kutoka melini. Mwenzake ni pakia, yaani kutia mzigo chomboni. Jozi hii inafuata kanuni inayojulikana na kila mwanafunzi wa sarufi: kiambishi -u- hutendua kilichokwisha kutendwa. Ziba, zibua. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Pakia, pakua. Waliotupatia istilahi hizi za mtandao hawakulazimika kubuni lolote. Walitwaa maneno ya watu wa pwani na kuyapa kazi mpya. Uteuzi huo naupenda mno.

Hata hivyo, hebu litazame neno lenyewe. Pakua hutuambia kitu kinatoka wapi. Hakituambii kinakwenda wapi. Ukishapakua wali unahitaji sahani, na ukishapakua shehena unahitaji ghala, tena ghala lenye karani. Tarakilishi haina adabu hiyo. Inapakua wimbo na kuubwaga katika folda ya vipakuliwa pamoja na risiti za stima, fomu za ushuru na picha za harusi ya jirani. Wimbo umefika gatini. Haujafika ghalani.

Isitoshe, siku hizi neno hili lina maana ya pili inayowachanganya wengi. Katika programu za kusikiliza muziki mtandaoni kama Spotify, mteja anayelipia anaweza kubonyeza kitufe cha kupakua. Anachopata si faili ya kwake. Wimbo huhifadhiwa ukiwa umefungwa kwa ufunguo wa programu yenyewe, huwezi kuuhamishia kwingine, na ukiacha kulipa haukuchezei tena. Huko ni kupakua kwa kuazima. Katika makala haya ninazungumzia kule kupakua kwingine, ambako faili inabaki mkononi mwako nawe ndiwe unayewajibika kuitunza.

Mahali pa maandishi

Neno la pili ni maktaba. Mzizi wake ni zile konsonanti tatu za Kiarabu, k-t-b, zinazobeba dhana ya kuandika, na ambazo zimetupa pia kitabu, katibu, mkataba na katiba. Maktaba ni umbo la mahali. Ni mahali pa maandishi.

Huenda ukasema, basi neno hilo haliufai muziki, maana muziki husikika, hauandikwi. Hapo ndipo nilipokosea hata mimi. Maktaba ya muziki katika tarakilishi si sanduku lililojaa sauti. Ni daftari. Unapoandika ‘Kifoto’ katika kisanduku cha kutafutia, programu haiendi kusikiliza nyimbo zako mojamoja ikitambua sauti ya Kifoto. Inasoma daftari lake. Kama jina halikuandikwa, kwake Kifoto hajawahi kuimba.

Na kama maktaba ni daftari, basi ‘kuongeza wimbo kwenye maktaba’ ni nini? Kitenzi ongeza, ambacho ndicho tunachokikuta kwenye menyu, kinaficha vitendo viwili tofauti. Cha kwanza ni kusajili: programu inaandika daftarini kwamba kuna wimbo fulani na kwamba unakaa katika folda fulani. Faili yenyewe haisogei hata kidogo. Cha pili ni kunakili: programu inatoa nakala ya faili na kuiweka katika folda yake maalumu, kisha inaisajili. Programu nyingine husajili tu. Nyingine, kama ile ya iTunes iliyozinduliwa na kampuni ya Apple mwaka 2001, zina mahali pa kuchagua iwapo unataka kunakili au kusajili pekee.

Tofauti hii niliijua kwa uchungu. Usiku uleule, baada ya somo la mpwa wangu, niliziongeza zile faili zote kwenye maktaba. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa usafi, nikaifuta folda ya vipakuliwa ili nipate nafasi. Asubuhi majina yalikuwepo, lakini kila nilipobonyeza niliambiwa kuwa faili haipatikani. Ilikuwa kama mwalimu anayeita majina ya wanafunzi waliohamia shule nyingine. Nilikuwa nimesajili nikidhani nimenakili. Bahati nzuri pipa la taka la tarakilishi lilikuwa halijamwagwa, mpwa wangu akazirejesha. Laiti menyu ile ingetumia kitenzi kilicho wazi zaidi, nisingefika huko.

Kitambulisho

Faili zilirudi, lakini Kifoto hakurudi. Sasa maktaba ilikuwa na nyimbo zaidi ya mia mbili, takriban zote za msanii mmoja mwenye kipaji cha ajabu, aliyeimba benga, taarab, rumba na nyimbo za injili bila kuchoka. Jina lake ni ‘Unknown Artist’, yaani Msanii Asiyejulikana.

Programu huyatoa wapi majina? Wengi hudhani ni katika jina la faili. Sivyo, au si hapo kwanza. Ndani ya faili ya aina ya MP3, mbali na sauti, huwekwa maandishi mafupi yanayoeleza wimbo ni upi na ni wa nani. Mpangilio wa maandishi hayo huitwa ID3, na ulianza kutumika mwaka 1996. Wengine huyaita lebo, ila kwa wanamuziki lebo tayari ni kampuni ya kurekodi, hivyo mimi nitayaita kitambulisho. Mkenya haelezwi kitambulisho ni nini. Anajua kwamba ukifika langoni bila hicho, hata ukiwa umevaa suti, wewe si mtu.

Kitambulisho cha kwanza kilikuwa kidogo ajabu. Kilichukua baiti 128 mwishoni mwa faili. Wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa kiwango cha kawaida cha wakati ule una baiti zinazokaribia milioni nne, kwa hivyo unaona jinsi jina lilivyopewa pembe finyu. Jina la wimbo lilipewa herufi 30. Msanii, 30. Albamu, 30. Mwaka, 4. Maelezo, 30. Mtindo wa muziki ulipewa baiti moja tu.

Herufi 30 zinatosha kama bendi yako ni ABBA. Zijaribu na bendi ya Dar es Salaam iliyotamba miaka ya themanini, International Orchestra Safari Sound. Hesabu herufi na nafasi baina ya maneno. Ukifika 30 umeishia kwenye ‘Safari’, na ‘Sound’ imekatwa. Nami katika maktaba yangu nina bendi mbili: moja yenye jina kamili na nyingine iliyokatwa mkia, ilhali watu ni walewale.

Kuhusu mtindo, ile baiti moja ilibeba namba, na kila namba ilikuwa na mtindo wake katika orodha ya mitindo 80. Humo mlikuwa na polka, na disko, na aina kadhaa za roki. Hamkuwa na taarab. Hamkuwa na benga wala rumba. Muziki wetu ungeweza kuwekwa chini ya namba 48, iliyomaanisha ‘wa kikabila’, au namba 12, ‘mengineyo’. Tena namba 0 ilikuwa bluzi, kwa hivyo faili iliyoachwa na sifuri ilijikuta imekuwa bluzi bila kuulizwa. Kama umewahi kuona taarab ya Mombasa ikiitwa bluzi, huenda sababu ndiyo hiyo.

Mpangilio wa pili wa ID3, uliotoka mwaka 1998, uliondoa vikwazo hivyo. Jina laweza kuwa refu upendavyo, na katika nafasi ya mtindo unaweza kuandika neno lolote, liwe mwanzele au chakacha. Kwa hivyo leo mlango uko wazi. Anayekosekana ni mwandishi.

Majina yetu na mashine

Na hapa, msomaji wangu, ndipo mtu wa lugha anapohitajika kuliko fundi. Mashine huhesabu herufi. Ukibadilisha herufi moja, umemzaa mtu mwingine. Fadhili William mara nyingi huandikwa ‘Williams’. S hiyo moja huwafanya wawe wasanii wawili, kila mmoja na nusu ya nyimbo. Bi Kidude, aliyetuaga mwaka 2013, jina lake la kuzaliwa ni Fatuma binti Baraka. Ukiandika mara hivi mara vile, maktaba haijui kuwa ni bibi yuleyule. Na Siti binti Saad, Mzanzibari ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, apangwe wapi? Mtindo wa kimagharibi wa kutanguliza jina la mwisho ungempeleka kwenye Saad. Lakini Saad si jina la ukoo wake, ni babake. Mahali pake ni kwenye S ya Siti, na ni sisi tunaopaswa kuiambia mashine hivyo.

Kuna na kitone chetu cha ng’. Katika kibodi kipo kilichonyooka, na programu nyingine hukigeuza kikawa kilichopinda. Jicho halioni tofauti, mashine inaiona. Unaweza kutafuta ‘ng’ombe’ siku nzima na ng’ombe yumo zizini. Ndugu zetu wanaopenda nyimbo za Gĩkũyũ wana shida zaidi, maana zile ĩ na ũ zenye kiwimbi hazikuwemo katika seti ya herufi za kitambulisho cha kwanza. Ziligeuka alama za kuuliza, au zikaachwa kuwa i na u za kawaida. Mpangilio mpya unazikubali. Ziandike kama zinavyostahili.

Zaidi ya tahajia kuna haki. Kitambulisho kina nafasi ya msanii na nafasi nyingine ya mtunzi, nasi huijaza ya kwanza na kuiacha ya pili wazi. Madhara yake ni nini? Chukua Malaika. Umeimbwa na Miriam Makeba, Boney M., Angélique Kidjo na wengine wengi. Katika maktaba yenye nafasi ya msanii pekee, wimbo huo ni wa Afrika Kusini, wa Ujerumani na wa Benin. Huku kwetu Fadhili William ndiye anayetajwa zaidi, na wapo wanaosema aliyeutunga ni Adam Salim wa Tanzania. Ubishi huo hauwezi kuamuliwa na tarakilishi yangu, lakini naweza kuandika majina yote mawili katika nafasi ya maelezo badala ya kuwafuta. Helule Helule wa Daudi Kabaka ulirekodiwa na bendi ya Uingereza, The Tremeloes, mwaka 1968. Jambo Bwana wa Them Mushrooms wa mwaka 1980 ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison, na miaka michache baadaye Boney M. wakatoa toleo lao. Ni vijana wangapi wanaoucheza katika simu zao wakijua jina hilo la Harrison?

Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inatambua haki ya mtunzi kutajwa kuwa ndiye mtunzi. Hakuna askari atakayekuja kukagua kipakatalishi chako kuhusu nafasi iliyoachwa wazi. Lakini kinachoanza kama uvivu wa mtu mmoja hunakiliwa pamoja na faili. Unampa rafiki flashi, naye anampa mwenzake, na kule kutojulikana kunasafiri kwa kasi ileile ya wimbo.

Utaratibu ninaoufuata sasa

Niruhusu niueleze kwa ufupi, kwa maana wasomaji wengine wangali na folda kama yangu. Kwanza, naunda folda moja ya muziki, mbali na ile ya vipakuliwa, na kila wimbo uliopakuliwa nauhamishia humo kabla ya jambo lolote. Pili, kabla ya kuongeza najaza kitambulisho. Programu za kazi hiyo zipo za bure. Mimi hutumia Mp3tag, nayo MusicBrainz Picard huweza kulinganisha sauti ya wimbo na hazina ya mtandaoni na kukupendekezea jina, ingawa kwa nyimbo zangu za zamani za huku kwetu mara nyingi imerudi mikono mitupu. Tatu, katika mkusanyiko wenye wasanii wengi, kama zile CD za zilizopendwa, najaza nafasi ya msanii wa albamu kwa maneno ‘Wasanii mbalimbali’, la sivyo albamu moja yenye nyimbo 14 huweza kuvunjika ikawa albamu 14. Nne, nina karatasi moja ya maamuzi: taarab au taarabu? rumba au rhumba? Chochote utakachochagua, kishike hichohicho. Tano, ndipo naongeza kwenye maktaba, nikihakikisha kwamba najua kama nasajili au nanakili. Na mwisho, naweka nakala ya pili mahali pengine.

Hatua ya pili ndiyo nzito, maana hakuna programu inayoweza kuandika jina usilolijua. Jumamosi ile nilimwomba Mama akae nami. Nikazicheza zile faili mojamoja, sekunde ishirini, thelathini. Mama, ambaye hajawahi kugusa kibodi, alifanya kazi ambayo hazina za mtandaoni zilishindwa. Alitaja waimbaji, akataja bendi, mara nyingine akataja na duka alikonunua baba ile santuri. Nyimbo nyingine hakujua anwani yake, alijua tu walivyouita watu. Niliandika vyote. Nilipokosea tahajia ya neno la Kitaita alinirekebisha, nami nikafuta na kuandika upya.

‘Track 07’ ilipoanza, gitaa halikumaliza hata mstari. “Si huyu hapa,” akasema. Tukausikiliza hadi mwisho, kisha akataka urudiwe. Nikaandika: Charonyi ni Wasi. Maroon Commandos. Mtunzi: Habel Kifoto. Lugha: Kitaita.

Tulibakiwa na nyimbo kumi na moja ambazo sote wawili hatukuzijua. Moja Mama aliukumbuka vizuri, ila mwimbaji alimtoka. “Mjomba wako angekwambia mara moja,” alisema. Mjomba tulimzika Desemba iliyopita. Mara ngapi nimekaa naye huku redio ikilia, nisimuulize? Katika nafasi ya msanii niliacha wazi. Katika nafasi ya maelezo niliandika kwamba Mama anaukumbuka, na mwaka anaokisia, ili atakayeupata baada yangu ajue pa kuanzia kuuliza.